Kipanda uso au sainasi? Hesabu siku, wacha rangi ya kamasi

Mama mdogo wangu wa Wete akiumwa na kichwa huna haja ya kuuliza. Kanga ameikunja ikawa kama ukanda, ameizungusha kichwani na kuikaza nyuma mpaka nyusi zimepanda. Kipajini kuna karafuu iliyosagwa, madirisha yote yamefungwa, na watoto wamefukuzwa wakachezee mbali. Jawabu lake ni moja miaka nenda miaka rudi: "Kipanda uso kimenishika." Safari hii binti yake anayeishi Unguja alikuwa amekuja kumtazama. Alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, hicho si kipanda uso. Hiyo sainasi." Akafungua mkoba, akatoa kepsuli saba za rangi mbili, masalio ya dawa za mtoto wake aliyepona kabla hajazimaliza.

Kazi yangu mimi ni duka la dawa, Chake Chake, kwa hiyo wote wawili wakanigeukia. Mabishano yao nayasikia kila wiki kaunta kwa sura nyengine: mtu anaingia, anajishika baina ya nyusi, anasema "nipe dawa ya sainasi", na kabla sijafungua mdomo ameshataja na jina la antibiotiki anayoitaka. Neno hili limetuingia midomoni kwa kasi, likameza mafua, aleji, kipanda uso na hata jino bovu. Vyote hivyo vinauma usoni, lakini dawa ya kimoja haimfai mwenye chengine.

Kwanza, sainasi si ugonjwa. Ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, na kila mtu anavyo. Viko jozi nne: kwenye mashavu, juu ya nyusi, baina ya macho, na jozi ya mwisho imejificha ndani kabisa nyuma ya pua. Ugonjwa ni pale ngozi laini iliyotanda humo inapovimba, na huo ndio unaoitwa sinusaitisi.

Ngozi hiyo inatoa ute mwembamba usiku na mchana, na kila chumba kina kitundu chake cha kuutolea, kinachofungukia puani. Vijinyweleo visivyoonekana kwa jicho hupiga kama makasia, vikiusukuma ute kuelekea kitunduni. Sasa hapa pana ajabu ya umbile. Kitundu cha chumba cha shavu hakiko chini, kiko juu. Fikiria tangi la maji ambalo bomba lake la kutolea limetiwa karibu na mfuniko: maji hayatoki kwa kuteremka, lazima yapandishwe. Vijinyweleo hupandisha ute huo maisha yetu yote bila ya sisi kujua, mpaka mafua yaingie. Ngozi inavimba, kitundu kinaziba, ute unakuwa mzito, makasia yanakwama. Kilichomo ndani kinatuama, na bakteria waliokuwa wakikaa puani bila fujo wanapata kidimbwi cha kuzaliana.

Ndipo unapomsikia mgonjwa akisema kwamba akienda sujudu uso unakuwa mzito kama umejazwa mchanga, na chini ya macho panagonga. Ni maelezo mazuri, lakini usiyategemee peke yake, maana kipanda uso nacho huzidi mtu akiinama.

Mafua ya kawaida yenyewe ni sinusaitisi ndogo. Sisemi kwa utani: mtu mwenye mafua ya siku tatu akipigwa picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani, mara nyingi hukutwa vyumba vyake vimevimba na vina majimaji, na vitajisafisha vyenyewe kwa sababu mwenye kosa ni kirusi. Bakteria huja kudandia juu ya kirusi kwa watu wachache sana, hawazidi 2 katika kila wagonjwa 100 wa mafua. Basi kazi yote ni kuwapata hao wawili bila ya kuwanywesha dawa bure wale 98.

Kwa kazi hiyo rangi ya kamasi haikusaidii kitu. Najua hapa nabishana na bibi zetu wote. Kamasi likigeuka njano, kisha kijani, watu huona usaha na kukimbilia dukani kwangu. Kijani kile kinatoka kwenye chembe nyeupe za damu yetu wenyewe, ambazo ndani yake mna kimeng'enya chenye madini ya chuma, na rangi ya kimeng'enya hicho ni kijani. Chembe hizo zikijazana puani kupigana, adui akiwa kirusi au bakteria, kamasi hupata rangi ile ile. Mafua ya kawaida kabisa huanza maji, yakawa mazito ya njano au kijani siku ya tatu au ya nne, kisha yakarudi kuwa maji na kwisha.

Hesabu siku. Mafua huwa makali zaidi baina ya siku ya tatu na ya tano, halafu hulegea, ingawa kikohozi na kamasi kidogo vinaweza kujikokota hadi wiki ya pili. Bakteria hushukiwa katika hali tatu. Zimetimia siku 10 na hakuna nafuu yoyote. Au mwanzo wenyewe umekuwa mkali, homa ya nyuzi 39 na zaidi pamoja na kamasi la usaha au maumivu makali ya uso, siku 3 au 4 mfululizo. Hali iliyobaki ndiyo ninayoishika zaidi nikiwa kaunta: mtu alishapata nafuu, keshafungua genge lake, halafu kiasi cha siku ya sita ugonjwa unamrudia kwa nguvu mpya, na homa, na uso kuuma. Asiyekuwa katika hali yoyote ya hizo ana mafua, hata kama uso mzima unamuuma, hata kama meno ya juu yanamkera na masikio yameziba na chakula hakina ladha.

Sasa mama mdogo. Nilimuuliza kama pua imeziba. Haikuziba, maji kidogo tu upande wa kulia, na jicho la upande huo huo linatoka machozi. Harufu je, anazisikia? Anazisikia mno: samaki aliyekuwa akikaangwa uani alikuwa anamtia kichefuchefu. Mwangaza? "Kwani huoni nimefunga madirisha?" Na kikimshika kinakaa muda gani? "Leo mpaka kesho jioni. Kisha kinaondoka kama hakikuwapo, mpaka mwezi mwengine."

Huyu hana sinusaitisi. Kipanda uso anachokijua yeye tangu ujana wake ndicho madaktari wanachokiita maigreni, na neno lake la zamani lilikuwa sahihi kuliko neno jipya la binti. Wala si yeye peke yake. Watu wanaojiita wagonjwa wa "kichwa cha sainasi" wakichunguzwa vizuri, wengi wao hukutwa na maigreni. Kinachowachanganya ni mshipa wa fahamu wa usoni, ambao unahudumia kipaji, mashavu na vyumba vya hewa kwa pamoja. Maigreni ikiuamsha, jicho hutoa machozi na pua hutiririka. Alama ya kushika ni hii: kichwa kinachokuja na kuondoka miaka mingi, huku pua iko wazi na hakuna kamasi zito, tafuta sababu yake pengine. Maigreni ina dawa zake, na antibiotiki si mojawapo. Zile kepsuli saba nilizichukua mimi.

Kwa mwenye mafua yaliyomjaa usoni, au sinusaitisi isiyokuwa kali, vitu vyenye faida ni vichache na havina makuu: parasetamoli kwa maumivu na homa, kulala kichwa kikiwa juu kidogo, kupenga kamasi tundu moja moja bila nguvu nyingi, na kuosha pua kwa maji ya chumvi.

Hilo la mwisho nitalikalia kidogo, kwa sababu watu hulifanya vibaya. Mzee mmoja aliniuliza dukani kama udhu hautoshi, maana anapandisha maji puani na kuyapenga mara tano kwa siku. Swali zuri. Udhu unatoa vumbi la mbele ya pua, lakini maji yenyewe ni machache na hayana chumvi. Maji matupu yakienda juu yanachoma, kila aliyewahi kuingiwa na maji puani kisimani au mtoni anajua. Yakiwa na chumvi sawa na ya mwili, gramu 9 kwa lita, yanapita bila kuchoma, yanalainisha kamasi na kuipunguza ngozi uvimbe.

Chukua kikombe kikubwa cha maji, kiasi cha mililita 250, utie chumvi nusu kijiko cha chai, kijiko cha kusawazisha, si cha kilima. Chumvi ya paketi yenye madini joto si sumu, ila baadhi ya pua inazikera. Ile ya mawe inayotoka mashamba ya chumvi ina mchanga wake: iyeyushe, iache ituame, ichuje kwa kitambaa safi, ndipo uchemshe. Yaache maji yatokote dakika moja nzima, yapoe mpaka yawe vuguvugu. Vuta kwa bomba la sindano la mililita 20, sindano yenyewe ukiwa umeitupa. Inama juu ya karo, laza kichwa upande, fungua mdomo na upumue kwa mdomo, kisha sukuma polepole kwenye tundu la juu. Maji yatatokea tundu la pili, au kooni, uyateme. Mara ya kwanza utajiona kama unazama. Mara ya tatu utaona umechelewa kuyajua. Osha bomba, likauke. Maji yaliyobaki usiyaweke kwa kesho.

Nasisitiza kuchemsha kwa sababu. Kuna amiba, kiumbe kidogo kisichoonekana kwa jicho, anayekaa kwenye maji yasiyo ya chumvi, hasa yenye joto, anaitwa Naegleria fowleri. Ukimnywa hana madhara, lakini akipandishwa puani anaweza kufuata mshipa wa kunusia mpaka kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache sana. Ni ugonjwa wa nadra mno. Mjini Karachi, Pakistani, wamekufa watu ambao baadhi yao hawakuogelea popote, na maji ya bomba waliyotawadhia yakashukiwa. Simtishi mtu na udhu wake. Ila maji ya kusukumwa kwa bomba mpaka ndani kabisa, iwe ya kisima au ya mfereji, yapite motoni kwanza.

Mwezi wa Ramadhani, osha pua baada ya kufuturu au kabla ya daku. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliagiza kuzidisha kupandisha maji puani isipokuwa mtu akiwa amefunga. Kuhusu dawa za kupuliza puani mchana wa saumu, masheikh wana kauli zaidi ya moja, muulize unayemfuata.

Kujifukiza kwa mkaratusi na mchaichai kunapendeza, na ukitoka chini ya shuka unajiona mtu mpya kwa nusu saa. Ushahidi kwamba kunafupisha ugonjwa ni dhaifu, na sufuria la maji ya moto chini ya shuka limeunguza watoto wengi. Mtu mzima akitaka, haya. Mtoto, hapana. Mafuta ya habbasoda kuyatia matone puani siyapendi: mafuta yakiteremka kwenye mapafu yanaleta balaa jengine.

Kuna matone ya kuzibua pua, yale ambayo ukitia tu pua inafunguka hapo hapo. Haya yana mtego. Yanabana mishipa ya damu ya puani, na ukiyatumia zaidi ya siku 3 hadi 5 mishipa inayazoea. Dawa ikiisha nguvu pua inavimba kuliko mwanzo, unatia tena, inavimba tena. Nina mteja aliyefanya hivyo miezi minane. Hakuwa tena na mafua wala sinusaitisi, alikuwa na ugonjwa wa matone. Na vidonge vya kuzibua pua vinapandisha presha, kwa hiyo mwenye presha aseme kabla hajauziwa.

Antibiotiki, basi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja, ya watu wazima waliotajwa na daktari kuwa na sinusaitisi ya ghafla. Bila ya antibiotiki, 46 kati ya 100 walikuwa wamepona baada ya wiki moja, na 64 baada ya wiki mbili. Waliopewa dawa, waliopona mapema zaidi waliongezeka kwa baina ya 5 na 11 tu katika kila 100, huku 13 zaidi wakipata madhara, tumbo kuharisha na mfano wake. Hiyo ndiyo hesabu ninayoitazama mtu anapogonga kaunta. Kwa wale walio katika hali tatu nilizozitaja, dawa ina nafasi yake, na ya mwanzo kwa kawaida ni amoksilini, peke yake au pamoja na klavulaneti, kwa idadi ya siku atakayoandika daktari. Azithromaisini na septrini, ambazo ndizo zinazoulizwa sana, miongozo haizipendekezi kuanzia, kwa kuwa bakteria wengi wa huku juu wameshazizoea. Na aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, amoksilini asiiguse.

Ziko dalili ambazo mtu hangoji siku 10, wala hangoji kesho. Jicho kuvimba au kutokeza nje, kuona vitu viwili viwili, uoni kupungua, uvimbe laini kipajini, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kichwa kikali kisichopata kuumwa mfano wake. Baina ya vyumba vya hewa na jicho pana ukuta mwembamba kama karatasi, na ubongo hauko mbali. Huyo apelekwe hospitali usiku huo huo. Aliyeko Pemba aanzie Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee pale Mkoani, asisubiri boti ya asubuhi ya kwenda Unguja. Mwenye kisukari anayeumwa na uso na kuona kidonda cheusi puani au kwenye kaakaa, naye ni hivyo hivyo, kuna kuvu anayekula haraka.

Wa mwisho katika foleni ni yule ambaye hana homa, hana dharura, ila pua haijafunguka tangu masika. Zikipita wiki 12, hiyo ni sinusaitisi sugu, na mara nyingi bakteria si kiini chake. Ni ngozi inayowaka bila kuzima: aleji, pumu, nyama za puani, au ukuta wa pua uliopinda. Visiwani kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima, na wadudu wa vumbi wanaostawi kwenye mito ya usufi na magodoro ya zamani hawana shida ya makaazi. Masika kuta zinaota koga. Moshi wa makumbi jikoni, chetezo cha udi kila magharibi, vumbi la karafuu kwa wanaochambua makonyo usiku kucha: kila pua ina lake. (Nimemwambia mke wangu kuhusu udi. Nimeshindwa.) Wagonjwa hawa hufaidika na dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, ya kupuliza puani, kama mometazoni au flutikazoni, lakini si dawa ya siku moja, inataka wiki kadhaa za kila siku, ncha ikielekezwa upande wa jicho, si katikati ya pua. Wanaohitaji kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo hupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na hapo ndipo picha ya CT inapokuwa na maana. Picha ya eksirei kwa mafua ya wiki moja ni pesa ya bure.

Vijana wanaopiga mbizi kutafuta majongoo ya pwani wana sababu yao ya pekee. Mita 10 chini ya maji, mgandamizo ni mara mbili ya wa juu. Kitundu kikiwa kimeziba kwa mafua, hewa ya ndani hubanwa na chumba hunyonya ngozi yake chenyewe mpaka ikatoka damu. Anayeibuka na damu kwenye miwani, akasikia kama amechomwa msumari kipajini, asirudi chini mpaka mafua yaishe.

Na watoto wadogo: chumba cha kipajini kwao bado hakijaumbika, kinaanza kuonekana kwa kawaida miaka ya kuanza skuli, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu haugui sainasi ya kipaji. Akitokwa na kamasi linalonuka tundu moja tu, mtazame kwa tochi. Nimeshaona ushanga, punje ya mahindi na kipande cha sponji ya godoro. Usijaribu kukitoa kwa kijiti, utakisukuma ndani.

Upande mmoja na harufu: kwa mtu mzima alama hiyo inaelekeza kwengine. Ami yangu alihangaika nayo karibu mwaka, shavu la kulia tu, na uvundo anaousikia yeye mwenyewe akivuta pumzi. Alipewa antibiotiki mara nne, kila mara akapata nafuu ya wiki mbili. Hakuna aliyemuuliza habari za meno, nami nikiwemo. Mizizi ya magego ya juu inapakana na sakafu ya chumba cha shavu, na mfupa wa kati ni mwembamba kama ganda la yai. Gego likioza mzizini, usaha hupanda juu badala ya kuteremka. Daktari wa meno alimgonga magego moja moja kwa mpini wa chuma, na alipofika la pili kutoka nyuma ami aliruka kitini. Likang'olewa. Aliambiwa asinywe cha moto siku hiyo, lakini magharibi ilipopita alikuwa barazani kama kawaida, akapiga funda la kahawa, na kahawa ikamtoka puani. Mzizi ulipotoka ulikuwa umeacha tundu baina ya kinywa na chumba cha shavu. Tundu la namna hii likiwa dogo hujifunga lenyewe, likiwa kubwa hushonwa. Lake lilishonwa wiki hiyo hiyo. Uvundo haukurudi tena. Muuza kahawa, kila akimjazia kikombe, bado anamuuliza ataipokea kwa wapi.